Picha ndogo ya Bikira Maria kwa rangi ya yai na dhahabu: mwongozo kamili kwa waliojaribu ikawashinda

Malalamiko yanayonifikia ni yaleyale. Rangi imebanduka kama magamba. Dhahabu imetoka na kitambaa wakati wa kung'arisha. Uso wa Mama Maria umebaki wa kijani, au umekuwa mweupe pee kama umepakwa unga. Karibu kila mmoja anauliza kuhusu rangi, na karibu kila mara tatizo halimo kwenye rangi. Kosa huonekana usoni pa Maria, lakini lilizaliwa kwenye sufuria ya gundi siku kadhaa nyuma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu ubao, gundi na tabaka jeupe. Usiziruke kurasa hizo ukimbilie brashi.

Tunafuata aina moja tu ya picha: zile ndogo za sala ya nyumbani zilizotoka Florence katika nusu ya pili ya karne ya 15, kwenye karakana ambayo jina la fundi wake halijulikani. Wataalamu waliizushia jina la Pseudo Pier Francesco Fiorentino ili iwe na pa kuitwa. Maria anaonyeshwa nusu mwili, amempakata Mtoto Yesu, nyuma yao kuna wigo wa waridi, na vichwani mna duara za nuru za dhahabu. Mafundi wale hawakubuni maumbo mapya. Walichukua ya wachoraji Filippo Lippi na Pesellino, wakayarudia kwa karatasi zilizotobolewa. Ndiyo sababu nimeichagua: ni picha iliyokusudiwa kurudiwa na mikono ya kawaida yenye subira.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

Ubao. Sentimita 20 kwa 28, unene wa milimita 18. Waitaliano walitumia mpopla. Kwako plaiwudi nzuri isiyo na matundu ndani itatosha, na kwa mtu anayeanza naipendelea kuliko mbao nzima kwa sababu haipindi ovyo. Ukitaka mbao nzima, chukua mkangazi uliokauka vizuri. Epuka mtiki, una mafuta na gundi haishiki. Epuka mninga pia, rangi yake hupenya na kuchafua weupe.

Gundi ya ngozi. Ya sungura au ya ng'ombe, ile ya chembechembe au vipande. Gundi nyeupe ya seremala haifai hapa, kwa sababu dhahabu haitang'aa juu yake.

Unga wa chaki laini, kama kilo moja. Jipsamu ya kupigia dari usiitie moja kwa moja. Nitaeleza.

Kitambaa cha marekani au kitani kilichochakaa, kilichofuliwa hadi wanga wote ukatoka.

Dhahabu halisi ya karati 22 au 23, karatasi chache tu. Zile za bei rahisi zinazoitwa dhahabu lakini ni shaba zilizochanganywa na zinki ni nene mno kwa njia hii ya maji, na baada ya muda hugeuka kahawia.

Udongo mwekundu laini wa kuwekea dhahabu, uitwao boli. Ununue uliokwisha kusagwa.

Jiwe la akiki lenye mpini, la kung'arishia.

Rangi za unga: nyeupe ya titani, udongo wa njano, udongo mwekundu, udongo wa kijani, udongo wa kahawia, bluu ya ultramarini, nyeusi ya mkaa, na nyekundu kali isiyo na zebaki wala risasi. Mafundi wa Florence walitumia nyeupe ya risasi na nyekundu ya zebaki. Wewe usizitumie. Vumbi lake ni sumu, na picha hii unaitengeneza nyumbani wanakokaa watoto.

Mayai mabichi, brashi za nywele laini namba 1 hadi 4, brashi pana ya kupakia tabaka jeupe, msasa wa 220 na 400, kisu kisichopinda, bikari, sindano, na barakoa ya vumbi. Barakoa uivae kila unapopima unga au kupiga msasa.

## Hatua ya 1: Pika gundi, usiichemshe

Pima gramu 50 za gundi, weka kwenye mililita 600 za maji baridi, acha usiku kucha. Asubuhi utakuta chembe zimevimba. Weka chombo hicho ndani ya sufuria yenye maji ya moto na upashe taratibu mpaka iyeyuke yote. Ukitumbukiza kidole ukaweza kustahimili, joto liko sawa. Kwa mwenye kipimajoto, usivuke nyuzi 60.

Gundi iliyochemka hufa nguvu. Inaonekana vilevile, inanata vilevile mkononi, lakini ikikauka haishiki. Hapa ndipo picha nyingi huharibika bila mwenyewe kujua.

Sasa ipime. Chota kidogo kwenye kisosi, iache ipoe. Kwa wanaoishi Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, usiisubiri igande mezani, joto la huko haliiruhusu. Itie kwenye friji saa moja. Ikiganda, ipasue kwa vidole viwili. Gundi sahihi hupasuka na kuacha kingo zenye mikwaruzo. Kingo zikiwa laini na kali kama zimekatwa kwa kisu, gundi ni nzito mno, ongeza maji kidogo. Ikiporomoka yenyewe, ni nyepesi. Usiendelee mpaka kipimo hiki kikubali.

## Hatua ya 2: Lisha ubao na ubandike kitambaa

Piga msasa ubao, lainisha pembe zake. Pakaza gundi ya uvuguvugu pande zote, mbele, nyuma na kwenye kingo, halafu acha ikauke. Nyuma pasiposhika gundi patanyonya unyevu wa hewa kuliko mbele, na ubao utapinda. Watu wengi huliruka hilo kwa sababu nyuma hapaonekani.

Kisha chovya kitambaa kwenye gundi, kikamue, kitandaze mbele ya ubao na ukisukume kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni mpaka hewa yote itoke. Kazi ya kitambaa ni kubeba mtikisiko. Mbao ikitanuka au kusinyaa, ufa unaishia kwenye nyuzi badala ya kupanda mpaka kwenye uso wa Mtoto. Acha usiku mzima.

Ukigonga kwa kucha kesho yake, mlio uwe mmoja kila mahali. Panapolia kwa uwazi pana hewa. Pachane kwa wembe, ingiza gundi, bonyeza.

## Hatua ya 3: Tabaka jeupe, nane kwa siku moja

Pasha gundi. Chukua kikombe kimoja cha gundi na kikombe kimoja na nusu cha unga wa chaki. Nyunyiza unga polepole juu ya gundi, uache uzame wenyewe, kisha koroga taratibu kwa kijiti. Usipige kama unayepiga mayai. Kila kiputo cha hewa unachokitia hapa kitakuwa tundu dogo kwenye dhahabu yako. Chuja kwa soksi ya nailoni.

Sasa ile jipsamu. Ukiitia kwenye maji, inashikana na kuwa jiwe ndani ya sufuria, na ndivyo wasomaji kadhaa walivyopoteza vyombo. Waitaliano walitumia jipsamu hiyohiyo, yaani jasi, lakini waliiua kwanza: waliiloweka kwenye maji mengi kwa karibu mwezi mzima wakiikoroga kila siku, mpaka nguvu ya kuganda ikaisha na ikabaki unga laini kabisa. Ukikosa chaki, fanya hivyo. Mwezi ni mrefu, lakini jasi iliyouawa hivyo hutoa uso mzuri kuliko chaki.

Tabaka la kwanza lisugue kwa vidole ili liingie kwenye nyuzi. Yanayofuata paka kwa brashi pana, moja kwa mlalo, jingine kwa wima. Paka tabaka jipya pale lililotangulia linapopoteza mng'ao lakini bado ni baridi ukiligusa. Likikauka kabisa katikati ya kazi, tabaka zitatengana baadaye. Kwa hiyo panga siku nzima, zima simu, umalize zote nane.

Mambo matatu yaangalie kama mboni ya jicho. Gundi isibadilike nguvu katikati: tabaka la juu likiwa na gundi kali kuliko la chini, litavuta na kupasua. Maji yakipungua kwenye sufuria kwa mvuke, rudisha kidogo ya uvuguvugu. Na usikaushe kwa jua wala feni. Nyufa za nywele unazoziona baada ya saa mbili ni matokeo ya haraka hiyo.

Nyuma nako paka tabaka mbili tatu, kusawazisha mvuto. Kisha weka ubao kivulini, umesimama, siku tatu. Msimu wa mvua, zaidi ya hapo.

Nyufa zikijitokeza, usizizibe. Loweka, kwangua mpaka kwenye kitambaa, anza tena. Inauma, najua, lakini ufa uliozibwa hurudi, na utarudi ukiwa umeshaweka dhahabu juu yake.

## Hatua ya 4: Lainisha

Nyunyiza vumbi la mkaa juu ya weupe, lisambaze kwa kitambaa, kisha kwangua kwa kisu kilichonyooka ukikivuta kuja kwako. Mkaa unaobaki unakuonyesha mabonde. Endelea mpaka weusi uishe, halafu msasa wa 220, na mwishowe 400.

Ukimaliza, inamisha ubao dirishani mwanga uupige kwa ubavu. Uso uwe kama ganda la yai: hauna mkwaruzo, hauna tundu, na una mng'ao hafifu sana. Huo ndio uso ambao dhahabu inauhitaji.

## Hatua ya 5: Hamisha mchoro

Chora sura zako kwenye karatasi kwa ukubwa kamili. Maria ainamishe kichwa kidogo kuelekea kwa Mwanawe, mikono miwili imshike, na wigo wa waridi ufike usawa wa mabega. Usibandike mambo mengi. Mtu atasali mbele ya picha hii akiwa umbali wa mkono mmoja.

Toboa mistari yote kwa sindano, tundu kila baada ya milimita mbili au tatu. Ibandike karatasi juu ya ubao kwa utepe wa kunata pembeni, halafu pigapiga juu yake kifuko cha kitambaa chenye vumbi la mkaa. Inua karatasi: mchoro umebaki kwa nukta nyeusi. Ziunganishe kwa wino uliozimuliwa kwa brashi ndogo, na ukikauka pangusa mkaa kwa unyoya.

Duara za nuru zikwaruze kwa bikari yenye sindano badala ya penseli. Kwaruza pia mpaka unaotenganisha nywele na dhahabu. Mkwaruzo utaonekana hata baada ya udongo mwekundu kufunika kila kitu. Karatasi yako usiitupe, itakufaa kwa picha ya pili, kama ilivyowafaa wale wa Florence.

## Hatua ya 6: Dhahabu kabla ya rangi

Dhahabu hunata popote penye yai. Ukianza na rangi, utaishia kuwa na shavu la Maria lenye mabaka ya dhahabu. Kwa hiyo duara za nuru kwanza.

Changanya boli na gundi nyepesi, nusu ya nguvu ile ya mwanzo, iwe laini kama maziwa. Paka tabaka nne nyembamba, ukiacha kila moja ikauke. Sugua kwa kitambaa kikavu mpaka udongo ung'ae.

Andaa maji baridi yenye spiriti kidogo na matone machache ya gundi. Funga madirisha, zima feni, na ushike pumzi, kwani karatasi ya dhahabu hupeperushwa na pumzi ya mtu anayeongea. Ikate juu ya ngozi laini. Pitisha brashi bapa shavuni mwako ipate mafuta kidogo, kisha igusishe dhahabu, itapanda yenyewe. Lowesha boli kwa maji yako, na hapohapo, maji yakiwa bado yanasimama, sogeza dhahabu. Itarukia majini. Kipande kinachofuata kifunike ukingo wa cha kwanza kwa milimita mbili. Maji yasipite juu ya dhahabu iliyokwisha kulala, yataiacha na madoa.

Lini ung'arishe? Saa haitakuambia, sikio litakuambia. Gonga kwa upole kwa jiwe la akiki. Mlio mzito, wa kuzama, una maana bado kuna maji. Mlio mkavu, unaogonga kama kwenye kioo, una maana twende. Bara inaweza kuchukua muda wa saa tatu, pwani hata muda wa saa kumi na mbili. Ukisubiri mpaka siku ya pili udongo unakuwa mgumu na dhahabu haing'ai. Ukiwahi, inachunika.

Sugua kwa jiwe, kwanza bila kukandamiza, kisha ongeza nguvu. Rangi ya dhahabu itabadilika mbele ya macho yako: itakuwa nyeusi ukiitazama upande mmoja na moto ukiitazama upande mwingine. Hapo umefaulu.

Siku hiyohiyo, wakati chini bado pana unyevu kidogo, piga alama za vidoa kuzunguka duara kwa chuma chenye ncha ya mviringo. Gonga kidogo tu, chuma kibonyeze bila kutoboa. Vidoa hivi si pambo tu. Vinashika mwanga wa mshumaa, na mtu akisogea kichwa, nuru nayo inatembea.

## Hatua ya 7: Rangi ya yai

Tenga kiini na ute. Kihamishe kutoka kiganja hadi kiganja, ukijifuta, mpaka kikauke nje. Kibane ngozi yake kwa vidole viwili, kitoboe juu ya kikombe, kiini kidondoke na ngozi ibaki mkononi. Ongeza maji kiasi hichohicho. Tengeneza kila siku upya, na pwani tengeneza asubuhi na mchana.

Saga kila unga na maji mpaka uwe uji mzito, halafu changanya uji huo na yai sawa kwa sawa. Pima kwa kupaka mstari kwenye kioo, ukikauka ukwangue kwa wembe. Ukitoka kama utepe unaopinda, ni sahihi. Ukigeuka vumbi, yai ni kidogo: hiyo ndiyo rangi inayobanduka. Ukinata na kung'aa kama mafuta, yai limezidi.

Rangi hii hukauka kwa sekunde, kwa hiyo haichanganywi ubaoni. Chovya brashi, ikamue kwa vidole, chora vimstari vyembamba, kimoja kando ya kingine. Usirudi juu ya kimstari kibichi, utakichuna. Giza na mwanga hujengwa kwa mamia ya vimstari, na mara ya kwanza kazi itaonekana mbaya. Vumilia hadi safu ya nne au ya tano.

Anza na wigo wa waridi: kijani cha giza kote, kisha majani moja moja kwa kijani chepesi, kisha maua. Halafu nguo. Kwa kila vazi tengeneza visosi vitatu, giza, wastani na mwanga, usiongeze kingine. Joho la Maria lipate ultramarini. Enzi hizo bluu hii ilisagwa kutoka kwenye jiwe la Badakhshan, Afghanistan, na fundi aliyebanwa na bei alitumia azuriti. Ya kiwandani, iliyoanza miaka ya 1820, ni rahisi na inafaa kabisa. Mikunjo iweke nyeupe mapema, kwa sababu bluu ikirundikwa peke yake huwa kama nyeusi.

## Hatua ya 8: Nyuso, mwisho kabisa

Hapa ndipo kijani kinapowatisha watu. Ngozi yote, uso, shingo, mikono, mwili wa Mtoto, huwekwa kwanza tabaka mbili za udongo wa kijani na nyeupe kidogo. Usiogope. Kijani hiki ndicho kitakachofanya rangi ya waridi ya juu ionekane hai, na vivuli viwe baridi bila kuwa vichafu.

Rudia mistari ya macho, pua na kidevu kwa mchanganyiko wa udongo wa njano, nyeusi na nyekundu kidogo. Weka waridi kwenye mashavu na midomo, zaidi ya unavyoona inatosha, maana itafunikwa. Kisha visosi vitatu vya ngozi: nyeupe, udongo wa njano, nyekundu kidogo, kila kimoja chepesi kuliko mwenzake. Anza na cha giza karibu na kivuli, ukiacha kijani kionekane ukingoni, endelea na cha kati, maliza na chepesi kwenye paji, pua na kidevu. Vimstari vifuate umbo la shavu. Nyeupe tupu iguse sehemu tatu nne tu.

Uso uliobaki kijani ni uso ulioachwa mapema: ongeza safu za ngozi, tano, kumi, nyembamba. Uso mweupe kama unga una nyeupe nyingi na yai kidogo: pitisha juu yake rangi ya ngozi ya kati iliyozimuliwa sana. Picha nyingi za kale zina nyuso za kijani kwa sababu waridi ya juu ilisuguliwa na wasafishaji ikaisha. Usiige uchakavu huo. Zilipotoka karakana zilikuwa na mashavu ya uhai.

Macho yaweke mwisho. Kope ya chini ya Maria isiwe nyeusi, iwe kahawia, la sivyo atakuwa na mtazamo mkali. Amtazame Mwanawe, au amtazame anayesali. Akitazama kati ya hao wawili, picha haimwombei mtu.

## Hatua ya 9: Kukausha na kutundika

Usipake vanishi sasa. Yai huendelea kukomaa kwa miezi, na sita ni kiwango cha chini. Baada ya wiki chache unaweza kusugua taratibu kwa hariri safi, rangi itapata mng'ao wake. Katika kipindi hicho mende ni adui wa kweli, gundi na yai ni chakula kwao, kwa hiyo ihifadhi kwenye boksi lenye kifuniko, si kabatini jikoni.

Nyuma andika jina lako, mwaka na vitu ulivyotumia. Usiichakaze wala kuitoboa matundu ya wadudu ili ionekane ya kale, atakayeirithi asije akauza au kuuziwa uongo.

Kwenye kona ya sala, itundike usawa wa macho ya mtu aliyepiga magoti, mbali na jua na ukuta wenye unyevu. Wakatoliki wengi watataka padri aibariki kwanza, na ukutani ndiko ifikie baada ya hapo. Mshumaa uweke mbele na kando, angalau urefu wa mkono kutoka kwenye ubao. Baadhi ya picha za kale za sala zina alama za kuungua sehemu ya chini, na masizi yanayopanda kila jioni huingia kwenye rangi ya yai ambayo bado haijakomaa na hayatoki tena.